Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: tovuti, familia na baiskeli ya hisani hapa Moshi

Maswali haya yametoka kwa wateja wa tovuti, wachangiaji wa msafara wetu wa baiskeli, majirani, na vijana wanaotaka kuanzisha biashara kama hii. Nimeyajibu mahali pamoja kwa sababu anayeanza kwa kuuliza bei ya tovuti mara nyingi humalizia kwa kuuliza watoto wanabaki na nani siku ya safari.

Biashara hii inafanya nini, na inafanyika wapi?

Tunatengeneza na kutunza tovuti za biashara ndogo na taasisi: kampuni za kupandisha watalii Mlima Kilimanjaro, nyumba za wageni, shule binafsi, vyama vya msingi vya ushirika wa kahawa na parokia mbili tatu. Ofisi ni chumba cha mbele cha nyumba yetu eneo la Soweto, chenye mlango wake wa nje, ili mteja asilazimike kupita sebuleni palipoanikwa sare za shule. Tuko wawili, mimi na kijana mmoja anayeshughulikia seva, yaani kompyuta zinazohifadhi tovuti, na barua pepe za wateja.

Nina ukurasa wa Instagram na namba ya WhatsApp. Tovuti ya nini tena?

Kwa muuza mitumba wa Mbuyuni ambaye wateja wake wote wako Moshi, jibu la kweli ni kwamba huenda huihitaji, na tumekwisha kuwashauri watu wa aina hiyo watumie pesa yao kuongeza mzigo dukani. Kampuni ya mlimani ni jambo jingine. Mgeni aliyeko Ujerumani anaombwa kutuma maelfu ya dola kwa watu ambao hajapata kuwaona, kwa ajili ya safari ya wiki nzima kupanda mlima kwa njia ya Machame au Lemosho. Kabla ya kulipa atataka kuona jina la kampuni, leseni, mahali ofisi ilipo, na anwani ya barua pepe inayolingana na jina hilo. Ukurasa wa mitandao ya kijamii hauwezi kubeba yote hayo, na ukifungwa na wenye mtandao huna pa kukata rufaa kwa haraka.

Jina la tovuti ni mali ya nani, yangu au yenu?

Ni mali yako, na hili tunalisisitiza kuliko jambo jingine lolote katika kazi yetu. Jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti yako mtandaoni, ni kama kiwanja: aliyeandikwa kwenye hati ndiye mwenye nacho, hata kama nyumba iliyo juu yake ilijengwa na fundi mwingine. Kwa hiyo, tuwe tunakusajilia jina linaloishia na .co.tz kupitia kwa msajili aliyeidhinishwa hapa nchini, au jina la .com kupitia kwa msajili wa nje, sehemu ya mmiliki huandikwa jina la kampuni yako na barua pepe unayoisoma mwenyewe, na nenosiri unakabidhiwa siku hiyo hiyo kwenye karatasi iliyosainiwa na pande zote mbili.

Msisitizo huu una sababu. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni alifika ofisini akiwa na boksifaili lililojaa risiti za umeme, mikataba ya wafanyakazi na picha za vyumba, akitafuta ndani yake kitu chochote chenye nenosiri la tovuti yake. Jina lilikuwa limesajiliwa na mpwa wake, kwa barua pepe ya mpwa wake, na mpwa alikuwa amekwenda masomoni nje ya nchi na kubadilisha namba ya simu. Usajili wa jina ulikuwa umekwisha muda. Kwa majina ya .com, baada ya muda wa nyongeza ambao msajili huweza kutoa, hufuata kipindi cha siku 30 ambacho mwenye jina anaweza kulikomboa kwa ada kubwa kuliko ya kawaida. Zikipita hizo, hubaki siku 5 tu kabla jina halijafutwa na kuwa huru kwa yeyote anayelitaka. Yule mama aliwahi kwa sababu ndugu walimpata mpwa kupitia kwa wanafunzi wenzake. Biashara ya miaka mingi haifai kutegemea bahati ya namna hiyo.

Mnatoza kiasi gani?

Bei hutegemea kazi, na tunaiandika kabla ya kuanza. Nusu hulipwa mwanzoni na nusu siku ya makabidhiano. Ada ya kila mwaka ya jina na seva huonyeshwa peke yake, pembeni ya malipo ya kazi yetu, ili ukitaka kuhama ujue unachokihama.

Ninataka kuanzisha biashara kama hii. Nianzie wapi kisheria?

Sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao, ukiwa na namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Chukua namba ya mlipakodi kutoka TRA, mamlaka ya mapato, ambayo hailipiwi, kisha omba leseni ya biashara katika halmashauri yako. Elewa kwamba jina la biashara si kampuni: deni la biashara ni deni lako wewe, na linaweza kukufuata hadi nyumbani, jambo ambalo mwenye familia anapaswa kulijadili na mwenzake kabla ya kukopa hata kompyuta.

Kuna sheria moja ambayo watengeneza tovuti wengi wadogo wanaipuuza, nayo ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Fomu ya kuweka nafasi inayodai namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na maradhi ya mpanda mlima inakusanya taarifa binafsi, na baadhi ya hizo ni nyeti. Mteja wako anawajibika, na wewe unayezihifadhi kwa niaba yake unawajibika pia. Ushauri wangu ni kupunguza maswali kwenye fomu: asiyehitaji kujua kitu leo asikiulize leo.

Umeme au intaneti ikikatika Moshi, tovuti yangu inazimika?

Hapana. Seva haziko chumbani kwetu, kwa hiyo nyumba yetu ikiwa gizani mgeni wa Kanada bado anaisoma tovuti yako bila kujua lolote. Kinachosimama ni kazi yetu sisi, na kwa hilo tuna betri ya kuwasha kompyuta na laini za mitandao miwili tofauti ya simu.

Hata hivyo, laini mbili hazisaidii pale tatizo linapokuwa baharini. Mei 12, 2024 kebo za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Tovuti za wateja wetu zilikuwa hai na zinafunguka Ulaya, ila wenyewe walikuwa hawazioni, na simu zilizopigwa ofisini siku ile zilikuwa za watu walioamini wamepoteza kila kitu. Tangu hapo karatasi ya makabidhiano ina mstari unaoeleza namna ya kupima kama tovuti imezimika kweli, au ni wewe tu ambaye huioni: mwombe mtu aliye nje ya nchi aifungue.

Saa zenu za kazi ni zipi?

Ofisi hufunguliwa saa 2 na nusu asubuhi, watoto wakiwa wamekwishapanda gari la shule, na hufungwa saa 10 jioni. Kati ya saa 10 na saa 2 usiku sipokei simu za kazi. Kanuni hii ndiyo inayolalamikiwa zaidi na wateja wa utalii, na wana hoja, kwa sababu New York inapofika saa 3 asubuhi hapa kwetu ni saa 10 au saa 11 jioni kutegemea majira yao, yaani wageni wao wanaanza kuandika barua pepe wakati mimi nimeinamia madaftari ya hesabu za darasa la nne.

Tulichofanya ni kutenganisha dharura na yasiyo dharura. Tovuti ikianguka, kuna namba ambayo kijana wetu huipokea hadi saa 4 usiku, na analipwa posho kwa saa hizo. Kubadilisha picha ya ukurasa wa mbele si dharura, hata kama mwenye kampuni ameandika neno hilo kwa herufi kubwa. Kazi inayohitaji utulivu, kama vile kuhamisha tovuti kutoka seva moja kwenda nyingine, huwa naifanya alfajiri kabla jiko halijawashwa, muda ambao hakuna mtu wa kuniuliza soksi ziko wapi.

Mume wako anasemaje kuhusu haya yote?

Swali hili huulizwa kwenye vikao vya harusi na baada ya misa. Wanaume wa msafara wetu wananiambia hakuna aliyewahi kuwauliza wake zao wanasemaje.

Baba watoto ni kiongozi wa watalii mlimani. Akipanda kwa Machame anaondoka kwa siku sita au saba, na simu yake hupatikana kwa kubahatisha. Msimu wake wa kazi nyingi, kuanzia katikati ya Juni hadi Oktoba na tena kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Februari, ndio huo huo ambao wateja wangu wa utalii wanataka kila kitu kwa siku moja. Kwa hiyo, mambo ya nyumbani tumeyapanga kwa kudhani kwamba mmoja wetu hayupo: ada za shule zina akaunti yake na wote wawili tunaweza kulipa, kadi za kliniki na vyeti vya kuzaliwa viko kwenye faili moja linalojulikana lilipo, na mama mkwe, anayeishi Kibosho, hupewa ratiba ya mwezi mapema ili aseme siku ambazo hawezi kushuka. Siku akisema hawezi, basi hawezi. Ana migomba yake, ng'ombe wake na jumuiya yake, na hatumchukulii kama yaya asiye na mshahara.

Kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyoingia kwenye biashara, si kinyume chake. Mtu akishazoea kuendesha nyumba ambayo mwenzake anaweza asipatikane kwa wiki nzima, hawezi tena kuvumilia biashara ambayo nenosiri la seva liko kichwani mwa mtu mmoja.

Kwa nini baiskeli, wakati Moshi ni mji wa kukimbia?

Ni kweli kwamba Kilimanjaro Marathon imekuwa ikifanyika hapa tangu 2003, na wengi wetu tumewahi kukimbia mbio zake fupi. Lakini kuzunguka kwa baiskeli kwa ajili ya hisani si jambo geni mkoani: Kili Challenge, inayochangia mapambano dhidi ya VVU na UKIMWI, ilianzishwa 2002, na pamoja na wanaopanda mlima kwa miguu wapo wanaouzunguka kwa baiskeli. Sisi ni kikundi kidogo sana kulinganisha na hao. Binafsi nilichagua baiskeli kwa sababu ya magoti.

Mnachangia nini hasa?

Matengenezo ya viti mwendo vya watoto. Si ununuzi wa viti vipya, ingawa picha ya kiti kipya kinachokabidhiwa hupendeza zaidi na wachangiaji wengi huitarajia.

Sababu ni hii. Viti vingi vilivyoundwa kwa ajili ya njia za vumbi hutumia matairi na tyubu za aina ya baiskeli, na matatizo yake mengi ni yale yale ambayo fundi baiskeli wa Majengo au Pasua huyatatua kila siku. Magurudumu madogo ya mbele ndiyo hutangulia kuharibika: vumbi huingia kwenye beringi, mvua inaligeuza kuwa tope, beringi inaota kutu na kukwama, na mzazi analazimika kusukuma kiti huku amekiinua mbele, mtoto akiwa ameegemea nyuma kama aliyelazwa. Beringi mpya, grisi na saa moja ya fundi vinatosha. Bila hivyo kiti kinawekwa stoo, na mtoto anarudi kubebwa mgongoni na mama yake, ambaye mwaka baada ya mwaka anabeba uzito unaoongezeka.

Fremu na mkao ni suala jingine kabisa. Kiti kisichomtosha mtoto kinaweza kumsababishia vidonda au kumpinda mgongo, na hapo hatugusi. Moshi ina bahati ya kuwa na TATCOT, chuo kilichoanzishwa 1981 katika eneo la hospitali ya KCMC, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi kutoka nchi nyingi za Afrika, wakiwemo mafundi wa viti mwendo. Jambo la kupima mwili ni la watu wenye ujuzi wa namna hiyo. Letu ni tyubu, matairi, spoku, breki na beringi.

Pesa ya mchango inapita wapi?

Inakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo kinachohudumia watoto hao, au kwenye Lipa Namba iliyosajiliwa kwa jina la kituo. Haipiti kwenye simu yangu, haipiti kwenye akaunti ya biashara, na haikai kwa mweka hazina wa kikundi hata kwa usiku mmoja. Kabla ya kuthibitisha malipo, hakikisha kwamba jina linalotokea kwenye simu yako ni la kituo. Likitokea jina la mtu, acha, hata kama mtu huyo ni mimi.

Kituo humlipa fundi kwa stakabadhi, kisha kinatupa orodha ya viti vilivyotengenezwa na gharama ya kila kimoja, bila majina ya watoto. Orodha hiyo hutumwa kwa kila aliyechanga. Gharama za safari yenyewe, yaani mafuta ya gari la kusindikiza, maji, ndizi na chai ya njiani, hulipwa na sisi waendeshaji mfukoni mwetu. Wapo walioshauri tukate asilimia ndogo kwa ajili ya fulana za msafara. Fulana kila mtu anazo za kutosha.

Mnapita njia zipi, na ni salama kiasi gani?

Mazoezi ya kawaida ni Moshi hadi TPC, kiwanda cha sukari, na kurudi. Njia inateremka polepole kuelekea kusini kwenye mashamba ya miwa, ni tambarare, na hatari yake kubwa ni joto, kwa hiyo huwa tumegeuza kabla ya saa 3 asubuhi. Wanaotaka kupima mapafu huenda Himo na kupandisha hadi Marangu, lakini hapo mtu anashiriki barabara na malori ya mpakani Holili, na sipendekezi kwa anayeanza.

Safari kubwa ya mwaka ni Moshi hadi Arusha, takriban kilomita 80. Watu huangalia umbali wakasahau mwinuko: Moshi mjini iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari na Arusha iko karibu mita 1,400, yaani kwa ujumla unapanda njia nzima, na kipande cha mwisho kutoka Usa River na Tengeru kinakukuta miguu imeshachoka. Mahali ninapopaogopa ni mapema zaidi, kwenye mteremko wa daraja la Kikafu. Baiskeli inachukua kasi bila kuombwa, lori nyuma yako nalo linashuka, na darajani hakuna pa kukimbilia. Hapo kanuni yetu haijadiliwi: kila mtu anashuka kwa zamu, breki zikiwa zimepimwa juu ya kilima, na gari la kusindikiza likiwa nyuma limewasha taa. Baada ya hapo tunakusanyika Kwa Sadala, tunahesabiana, ndipo tunaendelea kuelekea Boma Ng'ombe. Kurudi Moshi ni kwa basi, baiskeli zikiwa kwenye pikapu.

Kwa nini safari hiyo hufanyika mwanzoni mwa Juni?

Masika inakuwa imepungua, hali ya hewa ni ya baridi, na msimu wa mlimani haujachanganya, kwa hiyo baba watoto anaweza kuwa nyumbani na wateja wangu bado wametulia. Desemba hatuendi popote. Wachaga tunarudi nyumbani kwa wingi, barabara inajaa magari ya kutoka Dar es Salaam yanayoendeshwa na watu waliokesha njiani, na hakuna mchango unaofaa kupatikana kwa gharama hiyo.

Watoto wanaruhusiwa kushiriki?

Barabara kuu hapana. Mazoezi ya mitaani wanakuja, wakiwa na kofia ngumu na mzazi. Kuhusu picha, hatuchapishi sura ya mtoto yeyote bila ridhaa ya mzazi iliyoandikwa, na picha za watoto wa kituo hatuchapishi kabisa. Magurudumu yaliyotengenezwa yanatosha kumwonyesha mchangiaji kilichofanyika.

Mnatengeneza tovuti za bure kwa mashirika ya hisani?

Nguvu kazi tunaitoa bure kwa taasisi moja kwa mwaka, lakini jina la kikoa na seva lazima zilipiwe na taasisi yenyewe, tena kwa bajeti iliyopitishwa na viongozi wake. Wengine huona huu ni ubahili. Nimeona tovuti nyingi za bure zikifa mwaka wa pili kwa sababu hakuna kikao kilichowahi kuambiwa kwamba kuna ada ya kulipa, na aliyejitolea ameshahama mji. Vilevile, mteja wa biashara hapati punguzo kwa kuchangia msafara, na aliyekataa kuchangia hapati huduma hafifu. Kijana wetu hata hajui nani amechanga.

Nitajiungaje na mazoezi?

Fika uwanja wa Ushirika Jumamosi saa 12 kamili asubuhi. Baiskeli ya mtumba inafaa, ya gia au isiyo na gia, mradi breki zote mbili zinashika. Njoo na kofia ngumu, tyubu ya akiba inayolingana na tairi lako, na maji yasiyopungua lita moja na nusu. Pampu na vifaa vya kuziba pancha tunavyo. Anayekuja mara ya kwanza huandika kwenye daftari jina lake na namba ya simu ya mtu wa nyumbani, na namba hiyo huhakikiwa papo hapo kwa kupigiwa.